Chupa Iliyoandikwa Dawa

Sehemu ya kumi na moja

Wengi mmeniandikia wiki hii mkitaka kujua kama Bi Shekha amepofuka. Mmoja wenu, ambaye sitamtaja, amenitukana. Namsamehe, maana hata mimi nililala vibaya.

Tulimwacha Hafswa amesimama mlangoni mwa chumba cha mama yake, nyumbani kwao Shela, mjini Malindi. Saa tano ya asubuhi. Madirisha yote wazi, jua limeingia hadi chini ya kitanda. Na Bi Shekha, mgonjwa wa saratani ya titi, kageuza uso ukutani na kuuliza, "Mbona mmefunga madirisha, nanyi mwajua siwezi giza?"

Juu ya meza, kando ya asali, ilikuwepo chupa namba arobaini na moja. Chupa ya maabara ambayo Hafswa alikuwa ameitafuta kazini tangu asubuhi. Ilikuwa ya nusu lita. Sasa imebaki robo yake, au chini ya hapo.

"Awadh," Hafswa aliita. Hakupaza sauti.

Awadh ni mdogo wake, mzamiaji wa kituo kile kile cha utafiti wa bahari anakofanya kazi Hafswa. Alitoka jikoni na kikombe cha chai ya tangawizi, uso umekunjuka. Alikuwa mtu aliyefanya jambo jema na anangoja kushukuriwa.

"Hii chupa umeitoa wapi?"

"Kabatini kwenu. Niliichukua juzi nilipoleta mzigo."

"Umempa mama?"

"Kikombe cha kahawa jana baada ya alfajiri, na kingine leo. Nimemchanganyia asali kwa sababu yanuka spiriti. Usinune, dada. Nyinyi mwaificha dawa kabatini, na huku mama yuwafa."

"Nani kakwambia ni dawa?"

Awadh akaigeuza chupa ili dada yake aone vizuri. Karatasi nyeupe, wino mwekundu, herufi kubwa. DAWA. USIGUSE.

Mwandiko ulikuwa wa Hafswa mwenyewe.

Hapa, msomaji, kabla hujamrukia Awadh, nenda kaangalie nyumbani kwako. Una dawa ya meno, dawa ya mende, dawa ya panya, dawa ya nywele, na labda dawa ya kunyunyizia mahindi iko uvunguni. Zote unaziita jina moja, na siku zote umejua ipi ya kumeza. Hafswa aliandika neno lile ili mfagiaji asije akaishika chupa. Awadh alilisoma kama mtu mwenye mama mgonjwa. Hakuna aliyekosea Kiswahili.

Ila Hafswa alikuwa na kosa la pili, na hilo ndilo lililomfanya ashike ukuta.

Wiki mbili nyuma, kwenye chakula cha jioni, alikuwa amewaambia kwa furaha habari za sifongo. Sifongo ni kile kiumbe kinachoota kwenye mwamba chini ya bahari, watu wakadhani ni mmea. Awadh ndiye aliyekata kipande kile, chekundu, kisichozidi kidole gumba, kwenye ufa wa mwamba nje ya Watamu. Hafswa akakiloweka ili kitoe kemikali zake. Matone ya kemikali hizo yakapelekwa Nairobi, yakadondoshwa kwenye seli za saratani, na seli zikafa zote.

"Zote?" Bi Shekha aliuliza siku ile, kijiko kikiwa hewani.

"Zote, mama. Namba arobaini na moja imezishinda sampuli zote za mwaka huu."

Akaongeza, kwa maringo ya mtu anayeipenda kazi yake, kwamba hata sasa kuna sindano ya saratani ya titi ambayo chimbuko lake ni sifongo ya bahari ya Japani. Hilo ni kweli. Hakusema kwamba kutoka sifongo ile hadi sindano ilipita miaka zaidi ya ishirini. Nani husema mambo hayo mezani, mbele ya mgonjwa?

"Mama, vidole vyangu vingapi hivi?" Hafswa aliuliza sasa, ameinua vitatu.

"Washa taa kwanza, mwanangu."

Awadh akaacha kutabasamu.

Hafswa alitoka hadi ukumbini akampigia mkuu wake, Daktari Owen, mtafiti aliyeanzisha kazi ile ya sifongo. Alimweleza kwa maneno machache.

"Imebaki kiasi gani?" Owen akauliza.

Chupa ile ndiyo iliyokuwa ya pekee, hakuna nyingine, na kipande kingine cha sifongo ile hakikuwa kimepatikana. "Mama yangu haoni, daktari, nawe waniuliza sampuli?"

"Nakuuliza amekunywa kiasi gani, Hafswa. Sampuli iende zake. Ile tuliyolowekea ni methanoli. Unajua inavyofanya."

Alijua. Aliwafundisha hilo wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi kila mwaka. Methanoli ni spiriti ya maabara. Mtu akiinywa, kwanza hulewa kidogo, halafu hupata nafuu akadhani yamepita, na baada ya saa nyingi ini lake huigeuza ikawa sumu inayoshika macho, kisha pumzi.

"Na sifongo yenyewe?" aliuliza, kwa sauti ya mtoto. "Haiwezi kumsaidia hata kidogo?"

"Seli kwenye kisahani hata maji ya moto huziua," Owen alisema. "Mpeleke hospitali sasa hivi. Chukua na chupa."

Walimbeba Bi Shekha hadi kwenye tuktuk. Mlangoni Hafswa alijikwaa kwenye kapu la mchicha. Kabibi, mwanamke wa kijiji cha Ganda anayewaletea mboga kila Jumatano, alikuwa amepita jana. Hafswa alilisukuma kapu kwa mguu wala hakulifikiria tena. Mngemwona mngesema ana haraka, na kweli alikuwa nayo.

Njiani Bi Shekha alimshika Awadh mkono. "Usimseme nduguyo," alimwambia Hafswa. "Dawa ilikuwa kali tu. Itatulia."

Hafswa akaangalia nje. Hakumsahihisha. Aliona ni huruma.

Hospitalini aliwapokea Daktari Gladys, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimulika macho ya Bi Shekha, akasikiliza pumzi, akatoa damu ya kupimwa. Kisha akawaita watoto kando, kwenye korido.

"Vikombe viwili vya kahawa, una hakika?"

"Nilimpimia mwenyewe," Awadh alisema.

Daktari akaiinua chupa kwenye mwanga. "Hii ilikuwa nusu lita, imejaa?"

"Hadi shingoni," Hafswa alisema.

"Basi viwili havifiki hapa. Hata ukitoa vikombe viwili, imepungua gilasi nzima na zaidi." Akamtazama Awadh. "Ulimwaga?"

"Hata tone."

"Ilikuwa chumbani kwake, karibu na mkono wake?"

"Juu ya meza yake," Awadh alisema. Daktari Gladys akauliza lililobaki kwa upole, akiangalia chini. "Siku hizi mama amekuwa na huzuni? Amewahi kusema amechoka?"

Hafswa alikumbuka. Mwezi uliopita mama yake alikuwa amegawa kanga zake. Aliwapa majirani moja moja, akasema kabati limejaa. Hafswa alimcheka siku ile. Sasa aliketi kwenye benchi.

Aliingia akamwinamia mama yake. "Mama, ulikunywa zaidi ya alivyokupa Awadh?"

Macho ya Bi Shekha yalikuwa yanaangalia dari bila kuiona. "Nilikunywa nilichopewa."

"Chupa imepungua sana."

"Nimekujibu, Hafswa."

Mnamjua Bi Shekha tangu sehemu ya kwanza. Akifunga kinywa, hakuna ufunguo.

"Nitafanya hesabu kwamba amekunywa yote," Daktari Gladys alisema. "Kuna dawa ya sumu hii."

Hafswa alilisikia neno lile, dawa.

"Hatuna hapa. Nimepiga simu Mombasa, wanatafuta. Mashine ya kusafisha damu tunayo, lakini ina mgonjwa na siwezi kumtoa kabla ya saa tisa. Sasa hivi ni saa saba kasoro. Hizo saa mbili ndizo zinazonitisha. Kuna kitu kimoja cha kumshikilia hadi hapo." Alisita. "Kileo."

"Kileo gani?" Awadh aliuliza.

"Pombe kali, ya dukani. Ini likishughulika na pombe, huiacha methanoli ipite bila kugeuka sumu. Akiba yetu ya hospitali imeisha. Itabidi mnunue, na itabidi anywe kwa kipimo nitakachompa, kila saa."

Awadh alicheka. Ndiyo, alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo. "Daktari, mama yangu hata siki huisomea karatasi kabla ya kuitia kwenye kachumbari."

Walimwambia. Bi Shekha alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Miaka sabini na moja," akasema. "Sijapata kuitia mdomoni. Nitakutana na Mola wangu leo au kesho, ndiyo nende nanuka pombe? La. Asante, daktari. Nipe maji."

"Mama, utapofuka," Awadh alisema.

"Nimeshaona ya kutosha."

"Utakufa, mama."

"Kwani mlidhani sitakufa?"

Hafswa alitoka nje kumpigia mjomba wake Mansur, ndugu pekee wa Bi Shekha aliye hai. Maalim Mansur amesomesha madrasa miaka arobaini, na nusu ya wanaume wa mji ule amewachapa viboko vya nyayo. Hafswa alimpigia akiwa na hofu. Alijua atasema nini. Alimpigia kwa sababu mtu akitaka kufa kwa dini yake, ndugu yake hana budi awepo.

Maalim alifika kwa miguu, kanzu imemlowa mgongoni. "Shikamoo, mjomba," Hafswa alisema.

"Marahaba. Yu wapi daktari?"

Hakuingia kwa dada yake. Alimwendea Daktari Gladys akamuuliza maswali matatu. Pana kitu kingine cha kumtibu saa hii? Hapana. Una hakika chaweza kumwokoa? Sina hakika, ila bila hicho nina hakika atakwenda. Kinauzwa wapi?

"Kuna duka la vileo ng'ambo ya barabara," daktari alisema. "Mtume kijana huyu."

Maalim alimtazama Awadh, aliyekuwa anatetemeka hadi meno. "Huyu hawezi kushika hata chupa ya maji," akasema. Akavuka barabara mwenyewe.

Nataka mlione hili, maana mji mzima ulilisikia kabla ya alasiri. Mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya vito iliyotariziwa kwa mkono aliingia kwenye duka lenye picha za chupa ukutani. Walevi wawili waliokuwa mlangoni walisimama wima, mmoja akaficha mkono nyuma. "Shikamoo, Maalim," akasema. Maalim akaitikia salamu, akaonyesha kikaratasi cha daktari kwenye dirisha la vyuma, akapokea kilichofungwa kwenye gazeti, akatoka. Hakutazama kulia wala kushoto.

"Nani huyo kaingia?" Bi Shekha aliuliza aliposikia viatu.

"Mimi, Mansur."

"Umekuja kunisomea?"

"Nimekuja kukunywesha."

Muuguzi alikuwa anapima kwenye kikombe, anachanganya na maji ya machungwa. Harufu ilijaa chumbani.

"Nani kanunua hiyo?" Bi Shekha aliuliza.

"Mimi."

"Weye? Na kanzu?"

"Na kanzu, Shekha. Sasa nisikize. Ukiwa mzima ni haramu. Kwa dharura ya roho, pasipo njia nyingine, ni halali kwa kiasi kile kile cha dharura, na ukikataa utaulizwa wewe kwa nini uliitupa amana. Kama nimekosea, dhambi i shingoni pangu, na nimeshaibeba kuvuka barabara. Fungua mdomo."

Bi Shekha alilia. Hakuwa amelia siku alipoambiwa ana saratani, wala siku nywele zilipodondoka. Alilia sasa, kimya kimya, akasema bismillahi, kisha akajikanya kwa kuisema, kisha akanywa. Alikunja uso.

"Na watu huuza mashamba kwa kitu hiki," akasema.

Awadh alicheka tena, na safari hii Hafswa naye alicheka. Ilikuwa saa saba na robo. Kikombe cha kwanza kimeingia. Kwa mara ya kwanza siku ile ilionekana kama inawezekana.

Laiti ningeishia hapa. Mngeninunulia soda.

Bi Shekha alijilaza. Baada ya muda akanyoosha mkono hewani mpaka Hafswa akaushika. "Hafswa. Ile dawa ya sifongo ina nini hata itibiwe kwa pombe?"

Hafswa alimtazama mjomba wake. Maalim akaitikia kwa kichwa: mwambie.

"Haikuwa dawa, mama."

"Chupa imeandikwa. Awadh kanisomea."

"Niliandika mimi. Ni dawa ya kulowekea, ya maabara. Si ya kunywa. Sifongo imo ndani, lakini maji yake ni sumu. Nisamehe. Nilitaka watu wasiiguse."

Mkono wa mama yake ulikaza. Haukukaza kwa hasira. Ulikaza kama wa mtu anayeteleza.

"Sumu kwa kila mtu? Au kwangu tu, kwa sababu ya udhaifu wangu?"

"Kwa kila mtu, mama."

"Hata akinywa kidogo?"

"Mama, kwa nini wauliza?"

Bi Shekha aliinuka akakaa. Macho yake yalihangaika kutafuta uso wa binti yake, yakasimama pembeni kidogo, kwenye bega. "Nilidhani ilikuwa kali kwangu tu," akasema. "Nilinyamaza wasije wakamfukuza Awadh kazi, kwamba dawa ya ofisi inagawiwa watu. Kabibi alikuja jana na mboga. Mama yake ana saratani ya kizazi, apiga kelele usiku kucha, wala hawana cha kumpa. Ningeinywaje peke yangu, mwanangu? Nilimjazia chupa ya soda."

Hivyo ndivyo gilasi nzima ilivyopotea. Haikunywewa na mtu aliyetaka kufa. Ilitolewa na mtu aliyetaka mwenzake apone.

Hafswa alikuwa ameshafika koridoni, simu sikioni. Iliita mara moja, mbili, tano. Ikapokewa.

"Kabibi, ni mimi Hafswa, wa Bi Shekha."

"Dada Hafswa. Nilitaka nikupigie mimi. Mwambie Bi Shekha Mulungu amlipe. Ile dawa imemshika mayo vizuri sana."

Mayo ndivyo Kabibi anavyomwita mama yake, kwa Kigiriama chao.

"Imemshika vipi?"

"Amelala. Tangu jana alasiri hajalia hata mara moja. Wiki tatu mimi sijapata usingizi, dada. Jana nimelala mpaka jua limetoka."

"Ukimwita anaitika?"

"Anaguna tu. Mwache apumzike, maumivu yamemchosha."

"Umempa kiasi gani?"

"Vijiko vitatu jana, na leo asubuhi vitatu. Bado iko nusu chupa. Natunza, isiishe haraka."

Hafswa alikuwa na neno moja tu la kusema. Lakini miaka sita ya maabara, kitu kile hakuwahi kukiita kwa jina lingine, na kinywa chake kilikimbilia pale kilipozoea.

"Usimpe tena, Kabibi. Nisikilize. Ile ni dawa."

"Ndiyo, dada," Kabibi alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa shukrani. "Ni dawa kweli kweli."

"La, nasema—"

"Ngoja kidogo, amefumbua jicho. Saa ya kijiko cha mchana imefika. Nimpe kwanza halafu tuzungumze. Usikate."

Simu iliwekwa juu ya kitu cha mbao.

Hafswa alisema sumu. Alilisema tena na tena, kwa sauti iliyowainua wagonjwa kwenye mabenchi, hadi Maalim Mansur akatoka chumbani na Daktari Gladys akaja mbio. Kule Ganda hakukuwa na mtu wa kumsikia. Ilisikika kizibo cha chupa kikifunguliwa, kisha Kabibi akisema taratibu, kama anavyoambiwa mtoto, "Mayo, fungua kinywa."